Mbaraka Mwinshehe na Suala la Nani Anamiliki Wimbo

Katika madarasa ya siasa hapa Ifakara tumezoea kusema kwamba muziki ni silaha ya ukombozi. Kauli hiyo ni sahihi, lakini haijakamilika. Mwanafunzi wa historia hana budi kuuliza pia: silaha hiyo imetengenezwa katika kiwanda cha nani?

Watawala wanaijua nguvu ya wimbo. Majeshi yalipotwaa madaraka Ugiriki mwaka 1967, yalipiga marufuku nyimbo za mtunzi Mikis Theodorakis, mpiganaji wa mrengo wa kushoto, yakamtia kizuizini. Mwaka 1970 akaenda uhamishoni. Adui yake alionekana waziwazi: alivaa magwanda na kushika bunduki.

Kwetu mambo yalikuwa tofauti. Hapa mkoani Morogoro, Salum Abdallah na Cuban Marimba waliupa muziki wa dansi sauti ya Kiswahili kabla na baada ya Uhuru, hadi kifo chake mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe alifuata njia hiyo, kwanza na Morogoro Jazz, kisha kuanzia mwaka 1973 na Super Volcano. Mwaka 1970 alikwenda Japani kupiga muziki kwenye maonyesho ya Osaka, akiwakilisha Taifa. Baada ya Azimio la Arusha bendi za dansi zilibeba siasa ya Ujamaa hadi mahali ambapo hotuba hazikufika. Dola haikuwa adui wa mwanamuziki, ilimhitaji.

Basi tatizo lilikuwa wapi? Mkulima wa mpunga wa bonde la Kilombero analielewa upesi. Analima, anapalilia, anafukuza ndege, anavuna. Lakini asiyekuwa na mashine ya kukoboa wala lori hapangi bei ya jasho lake. Ndivyo ilivyokuwa kwa Mbaraka. Redio Tanzania ilirekodi bendi zetu, lakini nchi haikuwa na kiwanda cha santuri. Santuri zilitengenezwa Kenya, na makampuni ya huko ndiyo yaliyoziuza.

Hapa lazima tujikosoe. Mwaka 1967 tulitaifisha mabenki. Kati ya mwaka 1970 na 1975, kwa msaada wa China, reli ya TAZARA ilijengwa kupita katika bonde hili hili. Tulitambua kwamba asiyemiliki reli hana uhuru wa kusafirisha shaba wala mahindi. Lakini utamaduni tuliuona kuwa burudani ya baada ya kazi, wala hatukuutambua kuwa uzalishaji.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa, lakini soko la santuri lilibaki ng'ambo ya mpaka huo. Januari 1979 Mbaraka alifariki katika ajali ya gari Mombasa, akiwa na umri wa miaka 34. Hatudai kwamba ubepari ndio ulioendesha gari lile. Tunasema tu kwamba aliyeimba kwa ajili ya Taifa alilazimika kuutafuta ugenini mkate wa kazi yake.

Leo ipo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na kijana wa Ifakara anasambaza wimbo wake kwa simu. Mitambo ya kuusambaza bado ni ya wageni. Kada anayemwalika msanii jukwaani ampigie makofi, kisha amwulize: wimbo huu unamlisha nani?