Nahodha wa Gofu: Sheria na Uanachama katika Vyama vya Kwanza vya Wacheza Gofu wa Uskoti

Gofu ilikuwa imechezwa Uskoti kwa karibu karne tatu kabla ya wachezaji kuona haja ya kuiandikia sheria. Ushahidi wa mapema wa mchezo huo ni amri ya bunge ya mwaka 1457, wakati wa Mfalme James wa Pili, iliyoupiga marufuku pamoja na kandanda kwa kuwa ulikuwa ukiwatoa wanaume katika mazoezi ya upinde na mishale. Na kwa vile katazo hilo lilirudiwa mwaka 1471 na tena mwaka 1491, ni dhahiri kwamba watu hawakulitii. Katika muda wote huo wachezaji walitegemea mazoea ya kila kiwanja na mapatano ya wale waliowekeana dau, na mapatano hayo yalitosha kwa sababu waliokutana uwanjani walikuwa wakijuana.

Hali hiyo ilibadilika mwaka 1744 huko Leith, mji wa bandari ulio jirani na Edinburgh, ambako waungwana waliozoea kucheza kwenye uwanda wa nyasi wenye mashimo matano waliiomba halmashauri ya jiji iwape zawadi ya kushindaniwa kila mwaka. Halmashauri iliwapa fimbo ya gofu iliyofuliwa kwa madini ya fedha, pamoja na masharti yake: shindano liwe wazi kwa waungwana na wacheza gofu wengine wa sehemu yoyote ya Uingereza na Ireland, kila anayejiandikisha alipe shilingi tano, na mshindi aitwe Nahodha wa Gofu, mwenye mamlaka ya kuamua mashauri yote yahusuyo mchezo. Sharti la kwanza ndilo linaloelekea kueleza kwa nini waungwana hao waliandika sheria wakati huo na si kabla yake, kwani mlango ulipofunguliwa kwa wageni hapakuwa tena na mazoea ambayo kila mshindani angeweza kudhaniwa kuyajua.

Sheria hizo zilikuwa vifungu kumi na vitatu tu, na anayezisoma leo huona ndani yake uwanja wenyewe na uchafu wake. Kifungu cha kwanza kiliagiza mpira uwekwe tayari kwa pigo la kuanzia katika umbali usiozidi urefu wa fimbo kutoka kwenye shimo lililotangulia, jambo ambalo bila shaka liliharibu nyasi palepale zilipohitajika ziwe laini. Kingine kilikataza kuondoa mawe, mifupa au kipande cha fimbo iliyovunjika ili kujirahisishia pigo, isipokuwa penye nyasi safi na karibu na mpira. Mpira uliotumbukia majini au kwenye tope chafu uliruhusiwa kutolewa, lakini mpinzani alipewa faida ya pigo moja. Uliopotea ulimrudisha mchezaji mahali alipopigia mara ya mwisho, kwa adhabu ileile. Na uliozuiwa na mtu, farasi au mbwa ulipigwa hapohapo uliposimama. Fimbo ikivunjika wakati mchezaji amekwisha kuishusha ili apige, hilo lilihesabiwa kuwa pigo, kanuni isiyokuwa ndogo katika zama za mipini ya mbao.

Kifungu cha kumi na tatu ni cha namna nyingine kabisa, kwa kuwa kilitaja mitaro na kuta zilizojengwa kuuhifadhi uwanja wa Leith, mashimo ya wanafunzi na mahandaki ya askari, kikamruhusu mchezaji kuutoa mpira humo bila kuhesabiwa kuwa amenaswa. Hiyo ni kanuni ya mahali, yaani kanuni isiyokuwa na maana nje ya kiwanja kimoja, na vyama vingi vya gofu duniani vimejitungia za kwao tangu wakati huo. Inayotajwa sana katika Afrika Mashariki ni ile ya Jinja, nchini Uganda, iliyomruhusu mchezaji kuuokota mpira ulioangukia katika wayo wa kiboko.

Mshindi wa kwanza alikuwa John Rattray, tabibu wa upasuaji wa Edinburgh, ambaye kwa ushindi huo alipata unahodha na uamuzi wa mashauri. Miaka miwili baadaye alikuwa katika jeshi la Charles Edward Stuart, mdai wa kiti cha ufalme, lililoshindwa vitani huko Culloden, akakamatwa, na aliponea kwa kuombewa na Duncan Forbes, jaji mkuu wa Uskoti, ambaye naye alikuwa mcheza gofu wa Leith. Uanachama, kama inavyoonekana, ulikuwa na faida zisizoandikwa katika vifungu.

Wageni waliosababisha sheria kuandikwa hawakukaribishwa kwa muda mrefu. Mwaka 1764 shindano la Leith lilifungwa kwa wasiokuwa wanachama, na kuanzia hapo swali la nani anafaa kuingia likawa zito kuliko swali la jinsi ya kucheza. St Andrews, mji mwingine wa Uskoti, ambako waungwana ishirini na wawili walikuwa wamejinunulia fimbo yao ya fedha mwaka 1754 na kuchukua sheria za Leith karibu neno kwa neno, walifanya vivyo hivyo mwaka 1773, wakiwabakizia nafasi wanachama wa Leith peke yao. Vyama hivyo vilikuwa vyama vya chakula na mvinyo sawa na vilivyokuwa vya michezo.

Udhaifu wa katiba ya Leith ulikuwa kwamba ilimpa hukumu mtu hodari wa kupiga mpira, kana kwamba ustadi wa mikono ni dhamana ya busara. St Andrews waliuondoa mwaka 1806 kwa kuamua kwamba nahodha achaguliwe, lakini hawakutaka kuuvunja waziwazi utaratibu wa zamani, hivyo nahodha mteule hupiga mpira mmoja asubuhi ya kutawazwa kwake na kuhesabiwa kuwa ameishinda fimbo ya fedha kwa kuwa hana mshindani. Makedi, yaani wabeba fimbo, hujipanga mbele yake kuugombea mpira huo, na anayeuwahi hulipwa sarafu ya dhahabu. Chama cha St Andrews, kilichopewa hadhi ya kifalme mwaka 1834, kiliunda kamati maalumu ya sheria mwaka 1897, na mamlaka ya kutafsiri vifungu yakatoka mikononi mwa nahodha mmoja mmoja.

Siku hizi vyama vya ridhaa visivyokuwa na kiwanja chao, ambavyo hukodi viwanja vya wengine siku chache kwa mwaka, havina tena haja ya kutunga sheria za mchezo, na katiba zao hushughulika zaidi na ada, zamu za kuanza na hasa handikapu, yaani mapigo anayopunguziwa mchezaji dhaifu ili ashindane sawa na hodari. Utaratibu wa kwanza wa handikapu uliounganisha vilabu vingi ulijengwa na chama cha gofu cha wanawake wa Uingereza, kilichoundwa mwaka 1893, chini ya katibu wake Issette Pearson, wakati wanaume walikuwa bado wakikadiriana klabu kwa klabu. Katika vyama vingi vya ridhaa anayeshinda hukatwa pigo moja au mawili kabla ya mashindano yanayofuata, na manung'uniko juu ya makato hayo hupelekwa kwa kamati ya chama.