Kuachia Kuliko Kushika: Klachi za Magari ya Mwanzo na Ulaini wa Kubadili Gia

Historia ya klachi husimuliwa zaidi kama historia ya kushika: jinsi wahandisi walivyotafuta nyuso mbili za kubanana bila kuteleza wala kulishtua gari. Makala haya yanatetea hoja nyingine. Katika kubadili gia, tatizo kubwa la klachi za mwanzo lilikuwa kuachia na kutulia upesi, na kilicholitatua ni wepesi wa sehemu inayozungushwa.

Sababu imo ndani ya giaboksi. Katika mfumo ulioenezwa na Panhard et Levassor tangu miaka ya 1890, dereva alitelezesha gia juu ya shafti hadi meno yake yaingie kwenye meno ya gia nyingine. Meno hayo huingiana kwa utulivu pale tu kasi zao zinapowiana. Anayepandisha gia huhitaji shafti inayotoka kwenye klachi ipunguze kasi. Anayeshusha huhitaji iongeze. Chochote kilichofungwa kwenye shafti hiyo hubadilika kasi pamoja nayo.

Klachi iliyotawala wakati huo ilikuwa na umbo la pia. Pia ya chuma iliyovishwa ngozi ilisukumwa na springi hadi ikazame ndani ya flaiwili, gurudumu zito la injini, na mwinamo wa kuta zake ukazidisha nguvu ya springi. Ngozi ilidai matunzo: ikikauka ilinasa ghafla na gari likaruka, ikilowa mafuta ya injini iliteleza. Madereva waliilainisha kwa mafuta ya mbarika, na ilipoteleza waliinyunyizia unga wa udongo unaofyonza mafuta. Kasoro hiyo ilitibika. Uzito wa pia haukutibika kirahisi, kwa kuwa ulikaa mbali na mhimili, na inesha ya kuzunguka hukua kwa mraba wa umbali huo. Pedali ilipokanyagwa, pia iliendelea kuzunguka na meno yakakwaruzana.

Baadhi ya watengenezaji waliongeza breki ndogo iliyoigusa klachi pedali inapofika chini. Ilimfaa dereva anayepandisha gia tu. Wakati wa kushusha, ilipunguza kasi ileile aliyotaka kuiongeza, naye alilazimika kuachia pedali gia ikiwa huru, aongeze mafuta, kisha aikanyage tena. Breki ilifidia uzito, haikuuondoa.

Yaweza kudaiwa kwamba klachi za sahani nyingi ndizo zilizomaliza tatizo hilo, kama ile ya mhandisi Mwingereza Henry Selby Hele-Shaw, yenye sahani zenye mifereji ya umbo la V zilizozama katika mafuta. Ni kweli ziliondoa gari kwa upole mkubwa. Lakini mafuta yakiwa mazito kwa baridi, sahani ziliburutana hata baada ya kuachiwa, na shafti ikaendelea kuzunguka. Upole wa kuondoka ni sifa moja. Wepesi wa kuachia ni nyingine.

Sifa zote mbili zilikutana katika sahani moja kavu. De Dion-Bouton walitumia sahani moja mapema, lakini diski nyembamba ilihitaji kitambaa cha msuguano kinachostahimili joto. Herbert Frood, mwanzilishi wa Ferodo, alianza kutumia asbesto mwaka 1908. Vitambaa vya aina hiyo viliwezesha diski nyepesi kubeba nguvu ya injini, ikaachia na kutulia haraka.

Mwaka 1928 Cadillac ilileta giaboksi ya Earl A. Thompson, ambamo pia ndogo za msuguano husawazisha kasi kabla ya meno kukutana. Pia hizo zina uwezo mdogo. Zikikabidhiwa klachi nzito hazitaisawazisha kwa wakati. Kwa hiyo giaboksi inayosawazisha kasi yenyewe ilitegemea diski nyepesi iliyoitangulia. Anayepima ubora wa klachi hizi kwa nguvu ya kushika peke yake hataeleza kwa nini pia ya ngozi, iliyoshika vizuri, iliachwa.