Majumba ya maduka ya Nairobi

Jumba la maduka, au moli kama wengi wanavyoliita, ni jengo lenye mmiliki mmoja na wapangaji wengi: supamaketi, maduka ya nguo na viatu, benki, duka la dawa, mikahawa, sinema, na nje yake maegesho ya magari. Kati ya majumba yanayojulikana zaidi Nairobi, Sarit Centre la Westlands lilifunguliwa mwaka 1983 na Village Market la Gigiri mwaka 1995. Kisha yakaja kwa kasi: Westgate mwaka 2007, Thika Road Mall 2013, Garden City 2015, The Hub la Karen 2016 na Two Rivers 2017. Katika kipindi hichohicho mnunuzi wa Nairobi alikuwa akibadilika, na majumba haya yalichelewa kumsoma.

Anayetaka kuyaelewa aanze na mpangaji mkuu. Huyu ndiye anayechukua sakafu kubwa kuliko wote, na kwa kawaida hulipa kodi ndogo kwa kila futi ya mraba kuliko wenye maduka madogo. Haoneshwi huruma, analipwa kwa kuvuta watu. Mtu aliyekuja kununua unga na sabuni ndiye anayepita mbele ya duka la viatu, na muuza viatu anakubali kodi ya juu kwa sababu ya huyo mpita njia. Mpango huu ulizaliwa Marekani. Southdale, jumba lililobuniwa na msanifu Victor Gruen na kufunguliwa karibu na Minneapolis mwaka 1956, liliwekwa maduka makubwa mawili yanayoshindana ili wateja watembee katikati yake. Nairobi iliuchukua mpango huo karibu wote, ila nafasi ya yale maduka makubwa ikapewa supamaketi.

Kwa miaka mingi supamaketi hiyo ilikuwa Nakumatt. Ilianza kama duka la magodoro Nakuru, ikakua hadi kuwa na matawi zaidi ya 60 Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Mwaka 2017 wasambazaji ambao hawakuwa wamelipwa waliacha kuleta bidhaa, na rafu zikaanza kubaki tupu. Januari 2018 mahakama iliiweka chini ya msimamizi. Januari 2020 wadai wake walipiga kura ifungwe kabisa. Tuskys, supamaketi nyingine, nayo ilianza kuporomoka mwaka huohuo. Aliyeumia zaidi, na ambaye hatajwi sana, ni mpangaji mdogo: kinyozi, muuza simu, mwenye mkahawa wa meza sita, waliosaini mikataba ya kodi ya juu kwa kutegemea mlango wa jirani ambao sasa ulikuwa umefungwa.

Carrefour, inayoendeshwa na Majid Al Futtaim ya Dubai, ilikuwa imefungua duka lake la kwanza Kenya pale The Hub mwaka 2016, nayo ikaingia nafasi ya Nakumatt katika Thika Road Mall. Shoprite ya Afrika Kusini ilifungua Westgate Desemba 2018, lakini mapema mwaka 2021 ilikuwa imeshaondoka nchini. Game, nayo ya Afrika Kusini, ikafuata mwaka 2022, ikaondoka Tanzania pia. Mlimani City ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 2006 kwenye ardhi ya Chuo Kikuu, iliwapoteza Shoprite, Nakumatt na Game, mmoja baada ya mwingine.

Ni rahisi kusema kwamba maduka ya mtandaoni ndiyo yaliyoyabana majumba haya. Kwa Nairobi maelezo hayo hayatoshi. Mnunuzi wa kawaida hakuwahi kuacha uchumi wa kadogo: mafuta ya kupima, sukari ya robo kilo, sukumawiki iliyokatwa tayari kwa mama mboga. Jumba la maduka lilijengewa mtu mwenye gari anayenunua vitu vya mwezi mzima kwa safari moja, na watu wa namna hiyo ni wachache kuliko ramani za wajenzi zilivyodhani. Supamaketi za Naivas na Quickmart ziliona hilo, zikasogeza matawi hadi mitaani, kwenye barabara ambayo mtu anashukia matatu akirudi nyumbani.

Simu ikaongeza lake. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na Lipa na M-Pesa ilipokuja mwaka 2013, mtu asiye na duka aliweza kupokea malipo kama mwenye duka. Leo mteja anatumiwa picha ya kiatu kwenye WhatsApp, anauliza kama saizi 39 ipo, anaomba apunguziwe mia mbili, analipa. Kabla ya giza mtu wa boda anapiga simu akiwa getini. Muuzaji huyo hana kodi ya Westlands ya kulipa.

Majumba yameitikia kwa njia kadhaa, na iliyo bora imetoka katikati ya mji, si ng'ambo. Kwa miaka mingi wenye majengo ya Luthuli Avenue na River Road wamekuwa wakikata duka moja kubwa kwa mbao na vioo kuwa vibanda vingi vinavyoitwa eksibisheni, kila kimoja kikiwa na nafasi ya kiti kimoja na bidhaa hadi darini. Moli nazo sasa zinakubali wapangaji wa futi chache, hata katikati ya korido. Nyingine zinauza kile ambacho boda hawezi kukibeba: jino kung'olewa, nywele kusukwa, mtoto kucheza. Two Rivers ina bembea kubwa ya duara, na kando yake mnara wa ofisi katika eneo maalumu la kiuchumi, ili wafanyakazi wawe wateja wa kila siku. Supamaketi yenyewe imekuwa nusu ghala: kijana anasukuma troli akisoma oda ya mtu mwingine kwenye simu, na mlangoni pikipiki zenye masanduku ya njano zinasubiri.

Badiliko moja halikuletwa na bei wala simu. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi walivamia Westgate na kuua watu 67. Jumba lilifunguliwa tena Julai 2015. Tangu shambulio lile, kuingia moli Nairobi ni kufungua mkoba juu ya meza, kuinua mikono, na kungoja kioo kipitishwe chini ya gari.

Thika Road Mall linastahili kutazamwa na kila anayechora jengo jipya. Liko Roysambu, karibu na stendi ya matatu na daraja la waenda kwa miguu, na wanafunzi wanaingia bila gari. Village Market, katika mtaa wa mabalozi, lilipata njia nyingine: kila Ijumaa wachuuzi wa Maasai Market hutandika shuka kwenye eneo la maegesho na kupanga shanga, viondo na vinyago. Ndani ya jengo bei imebandikwa kwenye bidhaa. Huku nje muuzaji anataja elfu tatu, mnunuzi anajibu elfu moja, na mazungumzo yanaanza.