Janet Okelo na Timu Inayosemwa Iliachiwa Nafasi

Kila Jamhuri gazeti letu hili huwataja wanariadha wetu wa mbio, na ni haki yao. Mwaka huu tumeona ukurasa mmoja uende kwa Janet Okelo, winga wa timu ya taifa ya raga ya wanawake, Kenya Lionesses. Sababu tunayo. Hapa Azaiba, raga ya wanawake ikitajwa tu hakosekani mtu wa kusema kwamba mabinti hao walikwenda Olimpiki kwa kuachiwa nafasi. Maneno hayo yamezoeleka hadi watoto wetu wanayarudia.

Raga ya wachezaji saba iliingia Olimpiki mara ya kwanza Rio de Janeiro mwaka 2016. Katika mashindano ya kufuzu ya Afrika mwaka 2015 kule Johannesburg, Afrika Kusini ilikuwa ya kwanza, Kenya ya pili. Wakuu wa Olimpiki wa Afrika Kusini wakasema kushinda Afrika pekee hakutoshi, wakakataa kupeleka timu. Nafasi ikaja kwetu, na masimango yakaanzia hapo.

Rio walikiona cha mtema kuni. New Zealand iliwafunga 52 kwa 0, Ufaransa 40 kwa 7. Hata hivyo hawakurudi mikono mitupu: mechi ya mwisho waliilaza Colombia 22 kwa 10, wakawa wa 11 kati ya timu 12. Okelo alikuwemo kikosini.

Okelo huyo amewahi pia kufanya tulilofanya sisi sote: alisafiri kutafuta riziki. Kwake ilikuwa Japani, katika klabu ya Pearls ya mkoa wa Mie. Sisi tunaohesabu riali kila mwisho wa mwezi tunajua maana ya kuamka ugenini, lugha si yako, na bosi anataka kazi tu. Tofauti ni kwamba yeye kazi yake ilikuwa kukimbia na mpira huku watu wakimwangusha.

Oktoba 2019, nchini Tunisia, Kenya na Afrika Kusini zilikutana tena fainali kuwania tiketi ya Tokyo. Tulifungwa 15 kwa 14. Afrika Kusini ikakataa tena njia hiyo ya bara, nasi tukaenda. Jamani, aliyekushinda kwa alama moja asipokwenda, aende nani kama si wewe?

Tokyo ilichezwa mwaka 2021 kwa sababu ya korona, viwanja vikiwa havina mashabiki. Okelo alikuwemo tena, safari hii katika nchi aliyokwisha kuizoea. New Zealand, ambao ndio waliotwaa dhahabu, walitufunga 29 kwa 7. Linganisha na ile 52 kwa 0 ya Rio. Kisha tukawashinda wenyeji Japani 21 kwa 17, tukamaliza wa 10.

Mwezi uliofuata, Nairobi, ikaja mechi ya raga ya wachezaji 15 dhidi ya Colombia, katika safari ya kuwania Kombe la Dunia. Tulilala 16 kwa 15. Alama moja tena, na mara hii hakukuwa na mtu wa kutuachia kitu. Wanaosema timu hii huishi kwa bahati watuambie siku hiyo bahati ilikuwa wapi.

Mashindano ya raga ya Dubai huangukia siku chache kabla ya Jamhuri yetu, na wanawake huchezea uwanja uleule wa wanaume. Hata mwaka ambao Lionesses hawamo, inafaa mabinti zetu wakaone. Kwa barabara ya Sohar ni mwendo wa saa tano hivi, ukiacha foleni ya mpakani. Wazazi wanaotaka kwenda wamwone katibu mapema, maana viza za watoto huchukua muda na magari ni lazima yapangwe.