Homa ya Kasuku na Kijidudu Kilichosingiziwa

Mtu afugaye ndege tunduni, wawe kanari au kasuku, huchelea sana kumkuta mmoja wao amejikunyata, manyoya yamemsimama, hataki kula. Yafaa ujue, msomaji, kwamba dalili hizo ni za maradhi mengi, wala hazimtaji mwuaji. Kumtambua ni kazi ngumu, kama historia ya homa ya kasuku ituonyeshavyo.

Mwaka 1879, mjini Uster, Uswisi, daktari Jakob Ritter aliona watu saba wakiugua kichomi kikali kilichoanzia nyumbani kwa ndugu yake. Watatu wakafa. Ritter akatambua kwamba maradhi yalitoka katika chumba cha kusomea, palipowekwa ndege wa kigeni. Mahali alipajua, mwuaji hakumjua.

Mwaka 1892 ugonjwa huo ulizuka Paris, ukiletwa na kasuku kutoka Amerika Kusini. Mwaka uliofuata, Edmond Nocard alikuta bakteria fulani katika kasuku waliokufa, akaamini kwamba ndiye mwuaji. Watu wakaridhika kwa zaidi ya miaka thelathini.

Walakini, ugonjwa ulipoenea katika nchi nyingi mwaka 1929 na 1930, wataalamu walimtafuta bakteria huyo kwa wagonjwa wasimwone. Huko Washington msaidizi mmoja wa maabara aliambukizwa akafa. Ndipo Samuel Bedson na wenzake wa London walipochukua viungo vya ndege wagonjwa, wakavisaga, wakavipitisha katika chujio lizuialo bakteria wa kawaida. Maji yaliyopita wakawadunga ndege wazima, nao wakaugua. Basi mshtakiwa wa Nocard hakuwa na hatia.

Wengi wakasema mwuaji ni virusi. Baadaye ikathibitika kwamba ni bakteria mdogo mno, Chlamydia psittaci, ambaye huzaana ndani ya seli hai tu. Kwa hiyo hakuota katika vyakula vya maabara alimooteshwa yule wa Nocard. Leo hutibiwa kwa dawa za jamii ya tetrasaiklini. Huwapata kasuku zaidi, lakini kanari pia hawakusalimika naye.

Zingatia basi, msomaji: kukutwa penye maiti si ushahidi wa kuua. Ushahidi ni kumtoa mshukiwa kwa mgonjwa, kumtia kwa mzima, na kuona ugonjwa ule ule. Ukimfunga asiye na hatia, mwuaji hubaki nje akiendelea kuua.