Mdudu Asiye na Haraka: Kifua Kikuu na Panya Buku wa Morogoro

Kutoka Morogoro mjini hadi Morningside, lile jengo la Kijerumani lililoegemea milima ya Uluguru, mtu wa miguu ya kawaida hutumia kama saa mbili. Mwenye kitambi atajijua. Katika saa hizo mbili bakteria mmoja wa E. koli aliyeshiba na kupata joto zuri anaweza kujigawa mara sita, kwa kuwa kila dakika 20 mmoja huwa wawili. Ukifika juu, yule mmoja uliyemwacha chini amekuwa 64. Panda na bakteria wa kifua kikuu uone: utafika, utapunga upepo, utateremka na kula chakula cha jioni, naye bado ni yuleyule mmoja. Huyu hujigawa mara moja baada ya saa 18 hadi 24.

Robert Koch aliujua uzito huo mapema. Alipotangaza mjini Berlin, Machi 24, 1882, kwamba amempata mdudu wa kifua kikuu, ilikuwa imembidi amwoteshe juu ya maji ya damu yaliyogandishwa, kisha akae wiki kadhaa akingoja. Miaka 15 baadaye Koch huyohuyo alikuwa Dar es Salaam akihangaika na malaria na maradhi ya ng'ombe.

Jinsi bakteria anavyojigawa ilifahamika kwanza kwa E. koli. Katika miaka ya 1960, kwenye taasisi ya Pasteur mjini Paris, kina François Jacob na Yukinori Hirota walikuwa na bakteria wenye kasoro: wakiongezewa joto, waliendelea kukua ila hawakuweza kukatika, wakarefuka kama tambi. Kutokana na kazi ya namna hiyo zikatambuliwa protini zinazohusika na kujigawa, na mojawapo ikaitwa FtsZ. Mwaka 1991 Erfei Bi na Joe Lutkenhaus, kule Kansas, Marekani, wakaonyesha FtsZ inafanya nini. Vipande vyake hujipanga katikati ya seli, chini ya utando, vikawa pete. Pete ikishakaa, huziita protini nyingine, na hizo ndizo mafundi wa ukuta: hujenga ukuta kuelekea ndani, pande zote kwa pamoja, mpaka seli inakatika kama kamba inavyokaza shingo ya gunia.

Pete hujuaje katikati ni wapi? E. koli ana walinzi, protini za kundi la Min, zinazokimbia kutoka ncha moja hadi nyingine na kurudi, zikifukuza kila pete inayotaka kuanza pembeni. Kati ndiko zinakokaa kidogo zaidi, basi pete huota hapo.

Bakteria wa kifua kikuu hana walinzi hao. FtsZ anayo, lakini hukua kwa kurefusha ncha zake, huku protini iitwayo Wag31 ikisimamia ujenzi huko nchani, na ncha ya zamani hutangulia kukua. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012, uliofanywa kwa ndugu zake, ulionyesha kwamba watoto wanaozaliwa hawalingani: mmoja mrefu, mwingine mfupi, kila mmoja na mwendo wake, na hata dawa hawazipokei sawa. Ni kama nyumba ya mapacha ambapo huwezi kumtibu mmoja ukadhani umemaliza.

Hapo ndipo mgonjwa anapoingia. Isoniazidi, dawa iliyoanza kutumika mwaka 1952, humvuruga bakteria anayejenga ukuta. Bakteria aliyelala hajengi, kwa hiyo dawa humpita. Ndiyo maana mtu aliyeacha kukohoa baada ya wiki chache alilazimika kumeza vidonge miezi 18, na wengi waliacha dozi njiani. Binafsi siwalaumu, mwenye shamba la kulima haoni sababu ya kufuata dawa ilhali kifua kimetulia.

Kufupisha miezi hiyo kulifanyika kwetu, na sidhani kama tunalisema vya kutosha. Watafiti wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza na wenzao wa Afrika Mashariki waliwatibu wagonjwa katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania kwa miezi sita tu, wakiongeza rifampisini, dawa inayomnasa bakteria anayeamka kidogo na kulala tena. Matokeo yalitoka mwaka 1972: waliorudiwa na ugonjwa walikuwa wachache. Mwaka 1977 Tanzania ikaanzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, ukishauriwa na Karel Styblo, daktari wa Kicheki aliyeupata ugonjwa huo akiwa mfungwa wa Wanazi katika kambi ya Mauthausen. Dozi ya miezi minane waliyoijaribu hapa, mgonjwa akisimamiwa anapomeza, ilikuwa msingi wa mkakati uliosambazwa na Shirika la Afya Duniani katika miaka ya 1990.

Ugumu mwingine ulibaki kwenye makohozi. Darubini huhitaji bakteria kama 10,000 katika mililita moja ndipo mtaalamu awaone kwa uhakika, na kuwaotesha huchukua wiki. Hapo Morogoro ikaleta panya buku. Shirika la APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens mwaka 1997 kwa ajili ya kutafuta mabomu ya ardhini, lilihamia Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mwaka 2000. Miaka iliyofuata panya wakafundishwa pia kunusa makohozi, kwani bakteria wa kifua kikuu hutoa harufu yake.

Makohozi huchemshwa kwanza ili wadudu wafe. Vikopo hupangwa chini ya matundu, panya hupita akinusa, na panapomshawishi hukwama sekunde chache akikwaruza. Zahanati inapokuwa imesema hakuna kitu naye akakwaruza, sampuli hurudiwa maabara. APOPO husema panya mmoja hupitia sampuli 100 kwa dakika 20, muda ule ule E. koli anaohitaji kujigawa mara moja. Malipo yake ni ndizi iliyopondwa.