Vimeng'enya Ndani ya Mwani Unaooza

Maji ya Paje na Jambiani, pwani ya Zanzibar, yakipata joto kupita kiasi, mwani hupauka. Sehemu za tawi huwa nyeupe na laini, kisha hukatika na kuachana na kamba. Wataalamu huuita ugonjwa huu aisi-aisi. Tangu kilimo cha mwani kianze kibiashara Zanzibar mwaka 1989, kwa mbegu kutoka Ufilipino, hasara ya namna hii imewaangukia zaidi wanawake, kwani wao ni takriban asilimia 80 ya wakulima. Kotonii, aina yenye bei nzuri, imeshindwa kustawi katika maeneo mengi. Wengi wamebaki na spinosum, ambayo bei yake ni ndogo.

Tawi lililopauka huonekana halina faida tena. Kwa mwanabiolojia, hapo ndipo pa kuanzia kutafuta mali nyingine.

Mwaka 1995 mtafiti Danilo Largo na wenzake walionyesha kwamba bakteria wa jenasi ya Vibrio na wengine wa kundi la Cytophaga-Flavobacterium huchochea aisi-aisi. Hawaanzi wao. Joto, mabadiliko ya chumvi au upungufu wa mwanga hudhoofisha mmea kwanza, ndipo bakteria hujishikiza na kuzaana.

Bakteria walao mwani hufanya kazi kwa vimeng'enya. Kuta za seli za mwani huu zimejaa karajinani, mnyororo mrefu wa galaktosi uliobeba salfeti. Kotonii hutoa aina ya kapa, yenye salfeti moja kwa kila jozi ya sukari. Spinosum hutoa aiota, yenye mbili. Tofauti hiyo huamua mengi: kapa hufanya jeli ngumu, aiota jeli laini, na kimeng'enya kinachokata moja hakikati nyingine. Kile cha aiota kutoka kwa bakteria Alteromonas fortis, ambacho umbo lake lilichapishwa mwaka 2001, huufunika mnyororo kama handaki na kuendelea kuukata bila kuuachia.

Sehemu kubwa ya mwani wa Tanzania huuzwa nje ukiwa umekaushwa tu. Njia moja ya kuuongezea thamani ni kuvunja karajinani yake kuwa vipande vidogo. Asidi huweza kuivunja, lakini hukata ovyo. Kimeng'enya hukata kiungo kinachojulikana na kutoa vipande vinavyotabirika. Hivyo hata spinosum, inayodharauliwa sokoni, inaweza kuwa malighafi yenye thamani.

Tahadhari ipo, na ni ya haki. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka karajinani iliyovunjwa katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani kwa binadamu. Kwa hiyo haitoshi kusema kimeng'enya ni cha asili; vipande kinavyotoa vipimwe kabla ya kuingia chakulani. Shambani kuna njia fupi zaidi. Watafiti wa Chile wameonyesha kwamba vipande vya karajinani huchochea ukuaji na kinga ya tumbaku, zao linalolimwa pia Tarime na Serengeti mkoani Mara, mbali kabisa na pwani. Majaribio yakifanyika huko Mara, mwani wa Jambiani unaweza kupata soko la ndani.

Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Zanzibar kwenyewe, karibu na mashamba. Sampuli za mwani mgonjwa zikusanywe pamoja na tarehe, joto na chumvi ya maji, ili zihudumie utafiti wa ugonjwa na wa vimeng'enya kwa pamoja. Na kabla jeni lolote la vimeng'enya hivyo halijatoka ufukweni, mkataba wa kugawana faida usainiwe na wanawake wanaolima hapo.